Kidonge cha Kila Siku, Maji ya Jumatano

Asubuhi ile kwenye ukingo wa ndiva alikuwepo mwenyekiti wa kamati, filimbi shingoni, ingawa sijawahi kumsikia akiipuliza. Alikuwepo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwepo mama wa shamba la chini, mjane, jirani yetu tangu nikiwa mtoto. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, wa kike, aliyenishika kwapani kutoka nyumbani hadi pale. Walikuwepo watu wa kila kaya inayonywesha shamba kutoka bwawa lile, wamesimama na majembe, sepetu na karai, wakisubiri shauri langu liishe waanze kazi. Na nilikuwepo mimi, nimekaa kwenye kigoda, mguu wa kulia umezungushiwa kanga, kidole gumba kimevimba na kung'aa kama nyanya iliyopitiliza kuiva.

Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alikuwa na habari yake ya kusimulia, na katika habari nyingi kati ya hizo mimi nililia. Sikulia.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Ndiva yetu ni bwawa la udongo walilolichimba babu zetu juu ya mashamba. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi mlango wake unafunguliwa na maji yanashuka kwenye mfereji hadi kwa mwenye zamu. Zamu ya nyumba yetu ni Jumatano. Maji hayo yakiingia bwawani huingia na tope, na wakati wa kiangazi, mara moja kwa mwezi, tunaitwa kwenye msaragambo, kazi ya wote, kulizoa. Siku hizi mwenyekiti hutuma ujumbe kwenye simu, lakini pembe nayo bado hupigwa jioni kwa wale ambao simu zao huwa hazina chaji siku za kazi tu. Mbadala hapokelewi. Anayeitikia zamu ndiye anayeshika jembe. Ukikosa mara tatu, zamu yako inajadiliwa. Mimi nilikuwa nimekosa mara tatu, na siku ile, ya nne, nilikuwa nimekuja kukaa kwenye kigoda.

Mtu wa tambarare anaweza kusema Jumatano ni siku moja tu. Kwetu Jumatano ndiyo ukoo. Baba na mama walipofariki, mwaka mmoja, mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na wadogo zangu walikuwa watatu. Niliacha shule darasa la sita. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniuliza kama nitarudi, mara ya tatu akaja na jembe, akanisaidia kupanda maharage, hakuniuliza tena. Tulikula makande ya mahindi na maharage yaliyonyweshwa na maji ya Jumatano. Kabichi za Jumatano zilishuka sokoni Hedaru vichwani mwetu na kurudi zikiwa sare za shule, madaftari, viatu vya plastiki. Mdogo wetu wa mwisho nilimbeba mgongoni kwenda kufungua maji, akalala huku mimi nikichepusha mfereji kwa miguu. Watu wazima walijaribu mara mbili kuichukua siku ile wakisema mtoto hawezi kuilinda. Nililala ukingoni mwa ndiva hadi wakachoka.

Kwa hiyo kidole kilipoanza, sikukipa heshima.

Kilianza miaka michache iliyopita, alfajiri, bila kujikwaa wala kuumwa na mdudu. Shuka likikigusa naona moto. Nikasema nimekanyaga kitu. Wengine wakasema nimekanyagishwa. Baada ya siku chache kikatulia, nikasahau. Kikarudi. Kwenye duka moja la dawa kule chini barabarani nikauziwa vidonge vya maumivu vya kutosha kumtuliza punda, nikavimeza kila kidole kilipowaka, na nikaendelea kulima. Hivyo ndivyo nilivyoishi na kidole changu, kama mtu anayeishi na mbwa mkali wa jirani: unajua lini amefunguliwa, unapita njia nyingine.

Mdogo wangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali mjini Same. Yeye huuza mboga zetu Hedaru, anakaa na watu wa barabarani, haogopi ofisi.

"Kaka, utakwenda kwa miguu yako au nikubebe mgongoni?" alisema. "Mimi nilibebwa, najua kubeba."

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Aliniamkia "Shikamoo," nikaitika, kisha akanivua kiatu mwenyewe, na hilo lilinifanya nimsikilize. Wakapima damu. Akaniambia ni gauti, kwamba kuna kitu kwenye damu kinaitwa yuriki asidi, mafigo yangu hayakitoi cha kutosha, na kinachobaki kinajijenga kwenye kiungo kama chembe za chumvi zenye ncha. Akaniuliza nani mwingine nyumbani alikuwa na mguu kama huu.

Nikasema hakuna. Halafu nikamwona baba. Nilimwona amekaa ukingoni mwa ndiva, suruali ameikunja hadi gotini, mguu wa kulia kwenye maji, anang'ata jani la mgomba. Tuliambiwa ana mguu wa baridi. Nilikuwa na umri wa mtu mzima, nimekaa kwenye kiti cha hospitali, ndipo nilipotambua kuwa baba alituachia vitu viwili, Jumatano na kidole.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wa kwetu wana neno moja la gauti: ugonjwa wa nyama. Nilipopanda mlima na habari hiyo, kicheko kilinipokea njiani.

"Kumbe bwana mkubwa unakula!" alisema mama wa shamba la chini. "Sisi tunakuona na makande, kumbe usiku unageuza sufuria!"

Alikuwa anatania. Wengine hawakutania. Wazazi wetu waliacha mbuzi kumi na mmoja, na mbuzi wale waliisha. Waliisha kwenye jeneza la mama, kwenye homa ya mdogo wangu wa pili, kwenye paa lililong'olewa na upepo. Lakini mtu akipata ugonjwa wa nyama miaka thelathini baadaye, wapo wanaoanza kuwahesabu mbuzi upya. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Mbele yangu hakutaja mbuzi. Alisema, "Mwili hausahau." Nikamjibu, "Baba mdogo, kama nimewala, nionyeshe mifupa." Tangu siku ile salamu yake ilipungua.

Nyama mimi nakula Krismasi na Pasaka na kwenye misiba. Dengelua, pombe yetu ya miwa, hiyo nilikuwa nakunywa, siwezi kudanganya. Baada ya kila msaragambo chungu kinazunguka, na asiyekunywa anaulizwa ana nini na wenzake. Daktari aliniambia pombe inaniongezea moto. Nimeiacha. Chungu kikinifikia nakipitisha kwa mikono miwili, kwa heshima, na anayetaka kununa anune.

Sasa kosa langu. Daktari alinipa dawa inayoitwa alopurinoli, kidonge kimoja kwa siku, akasema si ya maumivu, ni ya kuishusha ile yuriki polepole, kwa hiyo nimeze niwe naumwa au sina hata dalili. Nilimsikia. Nikafika nyumbani, nikatazama paketi, nikafikiri kama mtu wa ndiva anavyofikiri. Sisi hatumwagii shamba maji kila siku. Kila shamba lina siku yake, udongo unakunywa, unasubiri. Mtu anayefungua maji kila siku ni mwizi au mjinga. Nikaamua kidonge nacho kiwe na zamu. Nikakipa Jumatano. Nilikimeza asubuhi kabla ya kwenda kufungua mlango wa bwawa, na paketi ya mwezi mmoja ikanikalia zaidi ya nusu mwaka. Niliona nimemshinda daktari akili.

Kidole hakikuona hivyo. Kiangazi kilipoanza kikawaka, na kila kilipowaka kiliangukia msaragambo. Mara ya kwanza watu walinipa pole. Mara ya pili walitazamana. Mara ya tatu mwenyekiti alipita nyumbani, akakuta nimelala, akaweka kofia magotini na kusema, "Unajua utaratibu, ndugu yangu. Sikuutunga mimi."

Ndipo nikarudi Same. Daktari akafungua kadi yangu, akahesabu tarehe.

"Mzee, dawa ulimaliza lini?"

"Bado ninayo," nilisema, na ninakiri nilisema kwa majivuno. Nikamweleza habari ya Jumatano.

Nilidhani atanicheka au atanifokea, na kwa vyote viwili nilikuwa na jibu. Aliniuliza tu, "Hilo bwawa lenu, tope linaingia Jumatano peke yake?"

Nikaitoa paketi mfukoni, nikaiweka mezani kwake.

Akaanza upya. Kidonge kidogo kila siku, kitaongezwa taratibu, damu ipimwe tena. Kidonge kingine cha kukinga maumivu miezi ya mwanzo. Maji ya kunywa mengi. Vile vya duka la barabarani niviache kwa sababu vinaniua mafigo, na nikitokwa na vipele mwilini niache dawa na kurudi haraka. Kisha akasema jambo ambalo bila yeye kulisema mapema ningeitupa dawa chooni. "Mwanzoni kidole kinaweza kuwaka tena, hata zaidi ya zamani. Zile chembe zinapoanza kuyeyuka, zinachokoza. Usiache. Wengi wanaacha hapo."

Kikawaka wiki ya tatu. Siku mbili kabla ya msaragambo wa nne.

Kila aliyekuja kunitazama alikuwa na neno lile lile. Dawa gani hii inayomuumiza mgonjwa? Baba mdogo aliniletea chupa ya mizizi na ushauri wa bure. Hata mdogo wangu, ambaye ndiye aliyenipeleka, alisimama mlangoni na kikombe cha maji na kidonge kiganjani, hakunipa.

"Kaka, tupumzike kidogo. Wiki moja tu."

"Lete."

"Unalia usingizini."

"Basi usiku funga mlango usinisikie. Lete."

Akanipa. Nilikimeza nikimtazama machoni. Sikuwa na uhakika hata kidogo kwamba daktari yule alikuwa sahihi. Nilikuwa na uhakika kwamba kosa la kukata kidonge nilikwisha kulifanya mara moja na nikaona lilikonifikisha.

Hivyo ndivyo nilivyofika ukingoni siku ile, kwenye kigoda.

Mwenyekiti alisoma daftari. Mara tatu nimekosa, leo ya nne, niseme. Kabla sijafungua kinywa, baba mdogo alivua kofia.

"Jamani," alisema, "huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mnamwona. Ni mgonjwa. Mimi naomba kamati imsamehe. Asamehewe kazi, apumzike, tusimtese mtoto wa watu."

Watu wakaguna kwa huruma. Kina mama wakasema "kweli kabisa." Mtu mgeni angesema ameniokoa. Mimi moyo ulinipasuka, kwa sababu nilikuwa nimekulia kwenye ukingo ule na nilijua msamaha wa ndiva una maana gani. Anayesamehewa kazi hanyang'anywi maji. Anapewa yanayobaki. Siku yake inakwenda kwa mwingine wa ukoo mwenye nguvu, yeye anasubiri chini ya mfereji wengine wakimaliza. Na kwenye ukoo wetu mwenye nguvu na shamba linalopakana na langu alikuwa mmoja, na alikuwa amevaa koti la kanisani.

Nilitaka kusimama. Mdogo wangu akanishika bega, nikamwondoa mkono, nikasimama kwa mguu mmoja na fimbo.

"Mzee mwenyekiti," nilisema, "nakataa."

"Unakataa nini?"

"Kusamehewa. Sikuomba. Niandike nadaiwa."

Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye subira. "Mwanangu, utalipa na nini? Kidole hicho?"

"Hicho hicho."

"Amelewa dawa," mtu akasema nyuma, na wengine wakacheka. Mwingine akasema niachwe nirudi kwenye supu yangu. Nikageuka nimjibu, kidole kikagusa ardhi, nikaona giza. Hapo ndipo wanaposema nililia. Macho yalitoa maji. Mtu akikanyaga msumari macho yanatoa maji, hiyo si kulia.

Aliyenyamazisha watu ni mama wa shamba la chini. Alikuwa ameegemea jembe lake, jembe ambalo halikuwa na kazi pale, kwa sababu yeye hadaiwi msaragambo. Huja kwa hiari yake kila mwezi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Mwacheni adaiwe," alisema. "Mimi mlinisamehe mume wangu alipofariki. Mliniambia mama, pumzika, wewe ni mjane. Nikashukuru. Nikawapigia magoti. Nani hapa anaweza kuniambia siku yangu ya maji ni ipi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Basi. Mimi napata matope ya Jumamosi jioni. Mabua yangu mnayaona mkipita. Mwenye deni mnamkumbuka, mwenyekiti, jina lake liko daftarini. Mimi jina langu liko wapi?"

Mwenyekiti alifunua daftari kama anayetafuta, ingawa sote tulijua. Akalifunga. Akashauriana na wazee wawili wa kamati, nyuma yao maji yakipiga mlango wa mbao. Aliporudi alisema deni linakubaliwa. Siku nne za kazi. Kwa kuwa nitafanya peke yangu, kila siku itapimwa kwa mpini wa jembe lake, mipini kumi ya ukingo kwa siku, tope lote hadi udongo mgumu. Ziishe kabla mvua za vuli hazijajaza bwawa. Zisipoisha, Jumatano inakwenda kwa baba mdogo, na sitaleta tena maneno.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Na dawa yako hiyo inayokupiga?"

"Nayo nimeikubali."

Mdogo wangu alinirudisha nyumbani. Tulipofika mlangoni akasema, "Kaka, wewe ni mjinga," akaingia kunichemshia maji. Nilimsikia jikoni akicheka peke yake.

Kidole kilichukua siku tisa kutulia. Kila asubuhi ya siku hizo nilimeza kidonge, na baada ya siku hizo pia, Jumatano na siku zisizo Jumatano. Niliporudi Same daktari aliniambia yuriki imeshuka, bado haijafika tunakotaka, akaongeza dozi kidogo. Nikamuuliza nitameza hadi lini. Akasema huenda maisha yote. Nikamwambia sawa, na msaragambo nao ni wa maisha yote. Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

Siku ya kwanza ya deni nililipa nikiwa na gambuti moja na kandambili moja, kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa bado haujakubali kufungwa. Nilianza alfajiri. Tope la ndiva ni zito, linanuka majani ya miaka iliyopita, na ukilitupa ukingoni nusu yake inarudi. Mwenyekiti alikuja saa kumi jioni na jembe lake, akalaza mpini chini mara kumi, wa mwisho ukapita alama yangu kwa kiganja kimoja. Alinitazama. Nikashuka tena, nikazoa kile kiganja.

Ya pili nililipa baada ya wiki. Ya tatu juzi. Kati ya ya pili na ya tatu kidole kiliwaka tena, siku mbili, kidogo kuliko mwanzo, na kuna aliyesema njiani kwa sauti ya kusikika kwamba dawa za hospitali ni za kumwongezea mtu madeni. Nilimwamkia, kwa kuwa ananizidi umri, nikapita.

Mama wa shamba la chini naye ameomba jina lake liandikwe. Anadai adaiwe tangu mwaka aliosamehewa. Kamati imesema italitafakari. Amewaambia yeye yupo, hana safari.

Leo mawingu yamelala kwenye msitu wa juu tangu asubuhi na hayasogei. Upepo unatoka upande wa tambarare, una harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani mbali. Baba mdogo amepita mara mbili ukingoni, mikono nyuma, akitazama juu. Mara ya pili nilikuwa nakunywa maji kwenye dumu.

"Itanyesha leo," alisema.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akasimama kidogo. "Mguu?"

"Upo."

Akaondoka.

Nilimeza kidonge saa kumi na mbili. Jembe nimelisimika pale alama ya juzi ilipoishia, na kutoka hapo hadi mlango wa maji ni mipini kumi. Siku moja. Bado nadaiwa.